Joginder Singh Hakushinda Safari Peke Yake

Kila mara matokeo ya mtihani wa taifa yatangazwapo, magazeti yetu hupambwa kwa picha ya namna moja. Mwanafunzi aliyeongoza amebebwa juu kwa juu, mama yake anapiga vigelegele, naye mwalimu mkuu anatabasamu kando. Sina kinyongo na mtoto huyo, kwani jasho lake ni lake na sifa ni haki yake. Linalonikera ni kwamba wale walio chini, wanaombeba mabegani, aghalabu nyuso zao hukatwa na ukingo wa picha. Tunaona mikono tu.

Mimi ni mwalimu, na nimeishi miaka mingi hapa Longonot, katika sakafu ya Bonde la Ufa. Wanafunzi wangu wameniuliza mara nyingi kama ni kweli kwamba mtu hodari hujiinua mwenyewe. Badala ya kuwajibu kwa methali, ambazo wamezikariri hata zimechujuka, huwasimulia maisha ya mtu mmoja aliyezaliwa katika bonde hili hili na ambaye jina lake lilivuma duniani kote. Naomba leo niwasimulie nanyi wasomaji, walimu kwa wanafunzi, kwa kuwa naamini maisha hayo yana jibu ambalo shule zetu zinalihitaji.

Mtu huyo ni marehemu Joginder Singh, dereva wa mbio za magari za Safari.

Joginder alizaliwa Kericho tarehe 9 Februari 1932, katika familia ya Masingasinga waliokuwa na asili ya Punjab. Baba yake alikuwa na gereji. Katika gereji hiyo mtoto hakuanza kwa kushika usukani, bali alianza kwa kubeba spana, kufungua nati zilizoshikamana kwa kutu, kuosha vyuma kwa mafuta na kutazama wakubwa wakifungua injini na kuifunga tena. Kazi ya kijana wa spana haina sifa. Akiifanya vyema hakuna anayemwona. Akiivuruga, gari hukwama njiani na lawama humwangukia. Nawasihi wanafunzi walishike jambo hili, maana ndilo msingi wa yote yatakayofuata.

Baadaye aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, akawa mtu wa kwanza kufanya kazi ya doria barabarani. Kazi hiyo ilikuwa kuzunguka njiani na kuwasaidia madereva walioharibikiwa. Hebu tufikirie shule aliyoipata hapo. Barabara za wakati ule nyingi zilikuwa za udongo, na kila gari alilolikuta limekufa kando ya njia lilikuwa somo: hapa springi imekatika kwa sababu ya mzigo, hapa rejeta imetobolewa na jiwe, hapa dereva amelazimisha klachi katika tope. Kabla hajashindana na mtu yeyote, alikuwa amekwisha kujua magari hufa vipi katika nchi yetu, na hufa wapi.

Mbio za Safari zilikuwa zimeanza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, nazo zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hazikuwa mbio za uwanjani. Magari yalikwenda maelfu ya kilomita kwa siku kadhaa, usiku na mchana, katika barabara ambazo hazikufungwa kwa watu wengine. Dereva aliweza kukutana na lori lisilo na taa, kundi la ng'ombe, au mto uliofurika na kumeza daraja. Kwa kuwa kwa kawaida zilifanyika wakati wa Pasaka, mvua za masika nazo zilikuwa mshindani asiyeandikishwa. Kila gari lilitakiwa kufika katika vituo vya ukaguzi kwa saa zilizowekwa, na kila dakika ya kuchelewa ilihesabiwa kuwa adhabu. Mwenye adhabu chache ndiye mshindi.

Wasomaji wachanga ambao hawakuziona mbio za kale wanaweza kupata fununu yake hapa kwetu. Mbio hizo ziliporudi katika mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana humo tangu 2002, ziliwekwa maeneo ya Naivasha, na baadhi ya njia zake zilipita katika uwanda wa Kedong, chini ya Mlima Longonot. Ardhi yetu hapa ni ya majivu ya volkano. Juu huonekana imara, lakini gurudumu likipita mara mbili tatu hugeuka unga laini kama wa mahindi, ukafunika mawe na mashimo. Nilitazama magari ya thamani kubwa yakimezwa na vumbi hilo, na ikanibainikia tena kwamba katika nchi kama hii mwendo wa kasi ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua kilichofichika chini ya vumbi.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha hoja yangu. Katika gari la mbio huketi watu wawili. Mmoja hushika usukani, na huyo ndiye ambaye jina lake hubakia katika vinywa vya watu. Wa pili huitwa mwelekezi. Yeye hana usukani wala breki. Ana kitabu cha njia, saa, kadi za vituo na sauti yake. Ndiye anayejua kwamba baada ya kilima hiki kuna kona kali ya kushoto, kwamba daraja lililo mbele ni jembamba, na kwamba zimebaki dakika kadhaa kabla ya kituo kufungwa. Dereva humwamini hata kukimbilia mahali asipopaona. Mwelekezi akikosea neno moja, ustadi wote wa dereva huishia mtaroni. Nyuma ya hao wawili wapo mafundi wanaongoja njiani na vipuri, tayari kubadilisha springi au magurudumu kwa dakika chache, na nyuma yao tena wapo wananchi wa vijijini, ambao mara nyingi ndio walioyasukuma magari kutoka kwenye tope.

Mbio za miaka ya mwanzo zina ushahidi mzuri. Mwaka 1954 na mwaka 1955 mshindi alikuwa Vic Preston, na mashabiki wa mbio hizi hulikumbuka sana jina lake. Ni wangapi wanaokumbuka kwamba katika ushindi wote huo wawili aliketi pamoja na D. P. Marwaha? Kwa hiyo Mwasia alikuwa amekwisha kushinda Safari miaka 10 kabla ya Joginder, ila alikuwa ameketi upande ambao macho ya watu hayakuuangalia.

Joginder aliingia Safari kwa mara ya kwanza mwaka 1959. Hakushinda mwaka huo, wala mwaka uliofuata. Zilipofika mbio za mwaka 1965, yeye na ndugu yake Jaswant Singh walijiandikisha kwa gari aina ya Volvo PV544. Gari hilo halikuwa jipya. Lilikuwa limetumiwa na timu ya kiwanda katika Safari ya mwaka 1964, ambayo Volvo haikushinda. Ndugu hao wawili walilichukua gari hilo lililokwisha kutikiswa na barabara zetu, wakalitengeneza. Walipewa namba 1, yaani walitangulia wenzao kuondoka. Jaswant alikuwa mwelekezi. Waliposhinda, Joginder akawa dereva wa kwanza mwenye asili ya Kiasia kutwaa taji hilo, na mji wa Kericho ukawa na shujaa.

Tukiuangalia ushindi huo kwa haraka, tutasema kwamba kijana hodari alilishinda gari kuukuu. Tukiuangalia kwa makini tutaona mambo mengine. Gari lile lilikuwa kuukuu, lakini aliyelitengeneza ndiye aliyeliendesha, na alijua kila nati iliyomo. Mwelekezi alikuwa ndugu wa damu, hivyo hapakuwa na haja ya kujifunza kuaminiana. Na kabla ya mbio kulikuwa na miaka ya gereji na doria. Mchana wa ushindi ulitanguliwa na usiku mwingi wa kazi isiyopigiwa makofi.

Yafaa pia tukumbuke jambo lililowashangaza Wazungu wa ng'ambo. Madereva wenye sifa kubwa walikuja hapa mwaka baada ya mwaka wakiwa na magari mazuri ya viwanda, wakarudi mikono mitupu. Ni mwaka 1972 tu ambapo mgeni alishinda kwa mara ya kwanza, naye ni Hannu Mikkola wa Finland, akiwa na mwelekezi wake Gunnar Palm katika gari la Ford Escort. Si kwamba wale waliotangulia hawakujua kuendesha. Walijua mno. Walichokikosa ni ile safu ya ujuzi inayomzunguka dereva: watu wanaoijua njia, wanaojua mvua itanyesha wapi na gari litavunjika wapi. Timu ya Ford ya mwaka 1972 ilijiandaa kwa ukamilifu, na dereva mgeni akaweza.

Joginder alirudi kileleni mwaka 1974. Mara hii alikuwa na Mitsubishi Lancer, gari dogo kutoka Japani, na mwelekezi wake alikuwa David Doig. Mvua za mwaka huo zilikuwa kali, na njia nyingi ziligeuka matope. Bjorn Waldegard wa Sweden, mmoja wa madereva wenye kasi kubwa duniani, alikuwa na gari la Porsche lenye nguvu zaidi, akamaliza wa pili. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Mitsubishi katika mashindano ya ubingwa wa dunia. Mwaka 1976 Joginder na Doig walishinda tena, na nafasi ya pili na ya tatu zikachukuliwa na magari ya Mitsubishi vilevile. Joginder akawa dereva wa kwanza kuishinda Safari mara tatu.

Hata hivyo, kwangu mimi idadi inayomweleza zaidi si hiyo tatu. Kati ya mwaka 1959 na 1980 alishiriki Safari mara 22, na mara 19 alifika mwisho. Katika mbio ambazo mara nyingi zaidi ya nusu ya magari hayakuyaona magoti ya mlima wa mwisho, hiyo ni ajabu kuliko taji lolote. Kufika mwisho mara 19 hakuwezi kuelezwa kwa ujasiri peke yake. Ujasiri huweza kukufikisha mara moja au mbili. Mara 19 maana yake ni kwamba gari lilitengenezwa vyema, mafundi waliheshimiwa, mwelekezi alisikilizwa, na dereva alijua lini apunguze mwendo ili chuma kisivunjike.

Nitaomba ruhusa nitoke nje ya nchi kidogo. Wamarekani wana mchezo wao wanaouita futiboli, ambao si kandanda yetu, kwani wao hushika mpira kwa mikono na kuangushana. Katika timu ya wachezaji 11, nyota ni mmoja anayeitwa kwotabeki. Yeye ndiye anayepokea mpira na kuurusha kwa mwenzake aliye mbali. Lakini mbele yake husimama watu watano wakubwa wa miili, ambao kazi yao ni kuwazuia maadui wasimfikie. Kwa kawaida watano hao hawaurushi mpira, hawaudaki, wala hawafungi. Kwotabeki huhitaji sekunde mbili au tatu tu ili aone nani yuko wazi, na sekunde hizo hazitoki kwake, bali hutoka katika vifua vya wale watano. Safu hiyo ikiwa imara, mrushaji wa kadiri huonekana bingwa. Ikiwa legevu, bingwa hurusha ovyo, hunyang'anywa mpira, huangushwa chini, na pengine huvunjwa mfupa. Mwaka 1985 kwotabeki maarufu aliyeitwa Joe Theismann alivunjwa mguu uwanjani na hakucheza tena. Kwotabeki anayetumia mkono wa kulia hugeuza mgongo wake upande wa kushoto wakati wa kurusha, kwa hiyo mlinzi wa upande huo amekabidhiwa uhai wa mtu asiyemwona. Baada ya miaka mingi ya kuwapuuza, Wamarekani wenyewe wamejifunza kuwalipa walinzi wa upande huo mishahara minono.

Na sisi tunao mfano wa nyumbani unaopita huo. Katika michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, Kipchoge Keino alishinda mbio za mita 1,500 kwa kumwacha Jim Ryun wa Marekani kwa umbali wa kushangaza. Ryun alikuwa hatari katika mita za mwisho, na njia ya kumshinda ilikuwa kuifanya mbio iwe ya kasi tangu mwanzo. Aliyeifanya kazi hiyo ni kijana Ben Jipcho, aliyeukimbia mzunguko wa kwanza kwa takribani sekunde 56, mwendo ambao ulimgharimu nafasi yake mwenyewe. Keino alipata dhahabu, Jipcho akamaliza wa kumi. Kila mtoto wa shule anamjua Keino. Naomba kila mtoto wa shule ajue pia nani alikuwa wa kumi, na kwa nini.

Najua kuna watakaonipinga, na hoja yao ina uzito. Watasema kwamba walinzi watano hawawezi kumfanya asiye na mkono awe mrushaji, na kwamba mwelekezi mwema hawezi kumwokoa dereva mjinga. Ni kweli. Katika miaka ile ya Joginder walikuwapo waelekezi na mafundi wengi, lakini Joginder alikuwa mmoja. Sisemi kwamba nyota si kitu. Nasema kwamba tunakosea tunapoipima nuru yake bila kuyapima mafuta ya taa. Mtu akimaliza wa kumi, hatuwezi kujua kama ni mvivu au ni Jipcho mpaka tuulize alikuwa akimfanyia nani kazi. Na dereva akianguka, haki inatutaka tuulize kwanza kama gari lilikuwa zima, na kama aliyeketi kando alimwambia ukweli kuhusu kona.

Hili si suala la michezo tu. Katika shule zetu za Bonde la Ufa, mwanafunzi wa kidato cha nne anapofeli kemia, twamwita ofisini na kumkaripia. Ni mara ngapi tumeuliza kama aliwahi kuishika chupa ya maabara? Ni mara ngapi tumeuliza kama aliyemfundisha kusoma katika darasa la kwanza alikuwa na watoto 40 au 90? Na anapofaulu, zawadi huenda kwa mwalimu wa somo aliyemkuta amekwisha kupikwa. Yule mwalimu wa darasa la kwanza, aliyemshika mkono akamfundisha kuandika herufi a, hata hajui kwamba mtoto huyo ameongoza. Wapishi walioamka alfajiri kuwasha moto, mlezi wa bweni, na mwanafunzi mwenzake aliyemweleza hesabu usiku huku yeye akipata alama ya wastani, hao wote ni mafundi waliongoja njiani na springi mkononi.

Madhara ya kuwasahau si ya heshima pekee. Mahali ambapo kazi ya nyuma haiheshimiwi, watu wenye akili huikimbia. Walimu hodari hugombea madarasa ya mtihani, na watoto wadogo huachiwa yeyote aliyesalia. Safu ya mbele ikilegea hivyo, tutazidi kumlaumu mrushaji kila mwaka, tukimbadilisha mmoja kwa mwingine, na mpira utaendelea kuanguka.

Kwa hiyo nina mapendekezo mawili. La kwanza ni kwa walimu wakuu. Siku ya zawadi, kabla ya kumwita aliyeongoza, aitwe mwalimu aliyemfundisha kusoma, hata kama ni wa shule nyingine, na mwanafunzi mwenyewe ndiye amtaje mbele ya wazazi. La pili ni kwenu wanafunzi, na hasa ninyi mnaozoea kuwa wa kwanza. Msione haya kubeba spana. Fagieni maabara, mfundisheni aliye nyuma yenu, msaidieni mwalimu kupanga vitabu. Joginder alimwamini fundi kwa kuwa naye alikuwa fundi, na aliijua thamani ya aliyekwama njiani kwa kuwa aliwahi kuajiriwa kumtafuta.

Joginder Singh alifariki dunia mjini London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Mwalimu atakayelisimulia jina lake darasani nampa ombi moja: aandike ubaoni majina matatu, si moja. Joginder Singh, Jaswant Singh, David Doig. Kisha awaache watoto waulize hao wawili wengine ni akina nani.